Simu ya Bi Verlene

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii sina utani. Jana tulimzika Verlene Stuckey, mwandika alama wetu hapa Harlan Fork. Bi Verlene, miaka sabini na minane.

Kwa miaka thelathini na minane aliketi mezani kando ya uwanja wa kikapu, penseli mbili, shati la milia. Mwandika alama hashangilii. Tukifunga, anaandika. Tukifungwa, anaandika. Makocha wageni wakibishania pointi, waamuzi waliuliza tu, "Kitabu cha Verlene kinasemaje?" Ubishi umekwisha.

Msimu huu mjukuu wake, Teague, alipewa timu yetu ya shule. Kocha wa miaka ishirini na sita. Tukafungwa mechi saba mfululizo. Nami kila Jumamosi nikafungua simu hapa hapa redioni, nikauliza: dogo anatosha?

Lowell wa gereji alisema, "Anasimama pale kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe!" Nilicheka hadi machozi.

Mtu mmoja tu alimtetea. Alijiita Opal. "Mwanangu, anawachezesha vijana wote kumi na wawili. Wanajifunza. Hesabuni faulo!"

Nikamjibu, "Bibi Opal, angalia jiko, maharage yanaungua!"

Jumamosi iliyopita alipiga tena. "Mwanangu, leo niache niseme. Mimi ni..."

Nikabonyeza honi ya mwisho wa mechi. Nikamkatia. Mji mzima ulicheka, nami nikajiona hodari.

Jumatano moyo wa Bi Verlene ulisimama.

Jana baada ya maziko, tukiwa tunakula kanisani, Teague alinipa karatasi iliyochanwa kitabuni. Mwandiko tunaujua sote. "Mimi ni Verlene. Opal ni mimi. Kocha ni mjukuu wangu, na angekuwa hafai, ningekuwa wa kwanza kumwambia."

Miaka thelathini na minane tulimwona uwanjani kila Ijumaa, wasikilizaji. Sauti yake hatukuijua.

Teague akaniambia, "Dada Marnie, aliyafanyia mazoezi maneno haya wiki nzima. Mimi nilimkataza. Akasema, yule binti ana adabu, atanisikiliza."

Sikuwa na adabu. Nasema hapa hapa nilipomkatia.

Teague, na ukoo wote wa Stuckey, poleni sana. Nisameheni mkiweza.

Jumatatu bodi ya shule inapiga kura: Teague abaki au aondoke. Leo sipokei simu. Nina kitabu cha Bi Verlene, Teague ameniazima. Mtulie, mfikiri, mumsikilize yeye sasa.

Mechi ya kwanza: faulo zetu ishirini na nne. Tumefungwa kwa pointi thelathini na moja.

Mechi ya nne: faulo kumi na saba. Tumefungwa kwa pointi kumi na mbili.

Mechi ya saba: faulo tisa. Tumefungwa kwa pointi moja.

Pembeni mwa mechi hiyo ya saba, kwa penseli, ameweka alama ndogo ya vema. Ndiyo pekee katika kitabu kizima.