Mjomba Dwomoh na Viazi Vyake vya Kiti cha Nyuma

Jua likiharibika kesho, msihangaike kutafuta mtu. Niiteni mimi, Atta Oduro, nitakuja na ngazi na bisibisi. Mtaa wetu mzima wa magereji, Suame, sijaona fundi taa wa kunifikia, na shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Lakini leo si siku yangu. Leo ni siku ya Mjomba Kwasi Dwomoh, fundi umeme wa magari, anayestaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na nane katika gereji yetu. Kadi zenu zinasema Ijumaa iliyopita, tutafika huko. Gereji ananiachia mimi, ila ufunguo bado hajanipa.

Alianza kazi hapa Kumasi enzi taa za gari zilipokuwa za manjano kama kibatari na watu wakifika salama. Siku hizi ninyi madereva mnataka taa nyeupe za kuchoma macho, eti ndiyo heshima. Mnanunua zilizong'olewa kwenye magari ya Uingereza, wanakoendesha kushoto, halafu hapa kwetu tunakopita kulia zinammulika usoni anayekuja. Muuzaji anawaambia hakuna shida. Muuzaji mwenyewe hutembea kwa miguu.

Mjomba alizikataa zote bila kuangalia cheo. Kuna mchungaji mmoja, simtaji jina, amekaa meza ya pili na kofia yake, alileta taa kali hivi kwamba majogoo wa mtaa waliwika saa ya chakula cha mchana. Mjomba akazigeuza mkononi, akamrudishia.

"Mchungaji, hizi wapelekee waumini wako. Wao wakiomba hufumba macho. Wa barabarani hawafumbi."

Taa aliyoikubali aliifunga kwa adabu. Kwanza waya wa hasi hutoka kwenye betri, ndipo mkono uguse kitu. Kisha rilei na fyuzi yake, ili umeme mwingi usipite kwenye swichi ukaiyeyusha. Kioo cha balbu hakishikwi kwa vidole vya jasho, hushikwa kwa kitambaa safi, la sivyo balbu haitamaliza mwezi. Gereji ya jirani, wao husokota nyaya kwa mkono, wakafunga kwa kipande cha mfuko wa nailoni wa maji ya kunywa, wakamalizia na dua. Teksi waliyoitengeneza ilitoa moshi mbele ya kituo cha polisi, nao wakasingizia joto la Machi.

Lakini kilichowachekesha zaidi hao jirani ni viazi. Ukuta wetu mweupe mnaujua, wenye mstari wa kulengea taa. Mafundi wengine huleta gari tupu, wakalenga, wakalipwa. Mjomba hakulenga gari tupu hata siku moja. Alituita wanagenzi wote, "Viazi, pandeni!", tukajazana kiti cha nyuma na magunia ya mchanga mapajani, tumetulia kama viazi vikuu vinavyokwenda sokoni. Kwani nani huondoka Kumasi na basi tupu? Mzigo ukikaa nyuma, mkia unashuka, pua inapanda, na taa zinapanda nayo. Jirani walitucheka mpaka wakapaliwa. Wacheke. Taa zao hadi leo zinatafuta popo.

Mjomba, asante kwa mikono yetu ambayo haijaungua na kwa macho ya watu ambao hatutawajua kamwe. Nenda Nkoranza ukalime, ulale mchana kama chifu, na kila gari litakalopita mbele ya nyumba yako lishushe taa.

Sasa hiyo tarehe. Mnasema sherehe iliahirishwa kwa sababu ya mvua. Wiki iliyopita, basi dogo la kumrudisha Mjomba kwao nililifungia taa mpya mimi mwenyewe: waya wa hasi, rilei, fyuzi, kitambaa, kila kitu. Wanagenzi walikuwa wamekwenda kula, na jirani walikuwa wamesimama wanatazama. Fundi mzima nikaona aibu kuita viazi. Jioni likapakiwa vyombo vyake vyote, yeye akakaa mbele na dereva, wakatoka kwenda kujaza mafuta. Kwenye kona, dereva wa teksi, Yaw Fosu, akapigwa na mwanga usoni akaingia mtaroni. Mko naye hapa, mkono umefungwa shingoni.

Mjomba alimtoa mtaroni kwanza, akampeleka hospitali. Ndipo akarudi kwangu, hakupandisha sauti.

"Nyuma ulimpakia nani?"

Nikamwambia sikumpakia mtu. Akashusha vyombo vyake, akavaa tena ovaroli, akabaki wiki nzima. Kwa hiyo mkimwona leo anashikashika mfuko wa shati, ufunguo umo humo, na haukuzuiwa na mvua. Gari lililombeba yeye mwenyewe, mimi nililipima taa likiwa tupu.