Mwalimu wa Ubao wa Omurushaka

Baba Paroko, ndugu, majirani na wote mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza, kwa niaba ya familia, mimi Anastazi, mdogo wake, ninawasomea maisha ya Mwalimu Telesfori Rwezaura, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Kamachumu, Muleba, mtoto wa tatu wa mzee Protase na mama Evangelina.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo nyumbani, akahitimu ualimu mwaka 1962, na tarehe 6 Agosti 1966 akafunga ndoa na Laurensia Kokushubira, wakajaliwa watoto watano.

Mwaka 1978 alihamishiwa Karagwe kusimamia elimu ya watu wazima, na kwa kuwa magazeti yalitufikia yakiwa yamepitwa na wakati, alisimamisha ubao pale Omurushaka abiria wanaposubiri mabasi, akawa anabandika habari alizoziandika kwa mkono, na wengi wetu hadi leo tunaukumbuka mwandiko ule uliolala vizuri, wino wa buluu, na vumbi jekundu juu yake.

Septemba 1983, kuhara kulipoingia Nyakasimbi, alibandika tangazo refu, likianza na salamu za viongozi na shukrani kwa kamati, habari ya kuchemsha maji ikiwa chini kabisa. Wiki ile alikwenda msibani kwa Nyiransabimana, mkulima aliyefiwa na mwanawe wa pekee kwa kuhara huko, na mama yule, baada ya kumwamkia, akamwambia pasipo hasira, "Mwalimu, nilisimama kwenye ubao wako. Basi likaondoka kabla sijafika kwenye maji."

Marehemu alirudi nyumbani asiguse chakula, akabandua tangazo lile, akaandika kwa herufi kubwa: CHEMSHA MAJI YA KUNYWA. MTOTO AKIHARISHA, MPELEKE ZAHANATI LEO. Ofisa mmoja akauliza salamu zimekwenda wapi, akajibiwa kwa upole kwamba zitafuata watoto wakipona. Tangu hapo kila tangazo alilisoma kwanza kwa wauza ndizi na wapakia kahawa, akiwauliza wameelewa nini, na walipokwama alifuta, maana alisema msomaji wake amesimama na mzigo kichwani.

Mwaka 1994, wakimbizi wa vita vya nchi jirani walipofurika wakitafutana, aliandika: KANTENGWA, MAMA YAKO YUKO KIMULI, KWA XAVERI MBONIMPA. Kantengwa alifika Kimuli jioni ile ile.

Mei 1997 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, akawa anatamka na mkewe anaandika, hadi tarehe 19 Oktoba, saa nne asubuhi, alipofariki dunia hospitalini akiwa ameshikwa mkono na Laurensia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake, na majirani mlioleta ndizi, kuni na machozi yenu.

Mwalimu wetu, lala kwa amani. Tumekusoma, na tumekuelewa.