Kikao Kilichompita Msusi

Treni ilipoharibika njiani, msusi alijua kikao cha ukoo cha kumpatanisha na wifi yake kimeshampita. Akavua viatu, akanyoosha miguu, akaanza kutafuna karanga kwa raha zake.

"Dada, huna hata wasiwasi?" aliuliza kinyozi aliyeketi mbele yake, ambaye alikwisha kusimuliwa habari za kikao hicho, jasho likimtiririka.

"Wa nini, kaka? Tangu niolewe, leo ndiyo mara ya kwanza kukaa kitako bila mtu kuniita."

"Lakini wazee wanakusubiri."

"Basi leo wamsikilize wifi peke yao, wajionee."

Akasinzia mpaka akakoroma. Treni ilipotengenezwa na kufika, kinyozi, naye akishuka hapo, alimgusa bega. "Dada, si kituo chako hiki?"

"Ndicho," alisema msusi, akajifunika mtandio usoni. "Wewe shuka salama."