Ratib Sawalha Aachia Kichwa cha Mstari

Tarehe 30 Septemba, Bwana Ratib Sawalha, au Abu Jawad kama tunavyomwita, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha dabke, dansi yetu ya kushikana mikono mstarini na kukanyaga chini kwa mdundo, katika Nyumba ya Sanaa hapa Salfit. Kamati imenipa mimi, Mufid, kazi ya kumsifu. Ni sawa na kumwomba mke amsifu mke mwenzake, lakini nitajitahidi.

Alikuja akiwa fundi mawe. Siku hizo tulicheza dabke ya harusini tu. Yeye akawaingiza wasichana kwenye mstari. Wazee wakanuna mwaka mzima, kisha wakaleta wajukuu zao.

Kazi iliyompa jina ni “Foleni”. Januari moja tulikuwa tukienda kucheza mjini Jenin, askari wa kizuizi cha barabarani wakatushusha garini. Ngoma na filimbi zikabaki ndani. Baridi ilikuwa kali, nikaanza kukanyaga chini.

“Mufid, hebu kanyaga tena vile vile,” akaniambia.

“Nakanyaga kwa sababu vidole vimekufa ganzi, Abu Jawad.”

“Basi vife kwa mdundo, ndugu yangu.”

Akanishika mkono. Wenzetu wakajiunga, kisha abiria wa magari mengine kwenye foleni, mpaka barabara nzima ikawa inacheza bila ngoma. Askari wakafoka tunyamaze, na hakuna aliyekuwa amefungua kinywa. Onyesho la Jenin tulilikosa. Leo “Foleni” inachezwa hadi kwenye kambi za wakimbizi, na kila tangazo husema: kazi ya Ratib Sawalha. Miguu yangu haitajwi popote.

Wivu? Ninao tele, wala sioni haya. Mke wangu ndiye hanionei huruma. “Siku ile baridi mliisikia wote,” husema. “Aliyesikia ngoma ni mmoja.”

Katika dabke, kiongozi husimama mwisho wa kulia, mkono mmoja huru ukizungusha leso. Mimi nimekuwa wa pili wake, nikiitolea macho nafasi ile. Sasa kamati imenipa. Juzi mazoezini nikasimama pale kwa mara ya kwanza, na mkono huo huru nilioutamani miaka yote ukawa unapapasa kumtafuta yeye. Imeniudhi mno.

Asante kwa yote, Abu Jawad. Kale zeituni zako kwa afya na amani. Na ukichoka kupumzika, nafasi ya pili iko wazi.