Watu wa Ndani ya Mshipa

Athanasie alikuwa akiambua maharage mabichi ya jioni, sinia magotini, Kasika alipotoka dukani mwake na simu mkononi kusema kwamba udongo umeporomoka barabarani chini ya Mushaki, na magari yaliyotoka Goma yamekwama. Hakuna aliyeinuka. Benchi la mbele ya duka hilo, hapa Karuba, ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe, na jiko la kahawa la Athanasie liko kwenye ncha yake. Wanaokalia benchi hilo wanajulikana. Kasika mwenyewe, mtu wa Butembo, wanamwita Transit, kwa sababu bidhaa zake daima ziko njiani. Mzee Viateur ni Cour Suprême, maana kila neno hulikatia hukumu isiyo na rufaa. Déo, anayedunga ng'ombe sindano, ni Docteur. Wote watatu walimtazama Athanasie, kisha wakatazama vikombe vyao. Kayitesi, binti yake mkubwa, alikuwa ndani ya mojawapo ya magari hayo.

— Simu yake? Docteur aliuliza.

— Haishike, Athanasie akasema, akatupa punje iliyotobolewa na mdudu.

Kijiweni kuna adabu yake. Mtu akiwa na wasiwasi hawampi pole mapema. Pole ya mapema huita msiba. Wanambishia jambo jingine. Kwa hiyo Cour Suprême akauliza habari za kile kitabu.

Karuba nzima inakijua kitabu hicho bila kukisoma. Athanasie alikiazima kwa Virginie walipokuwa wote sekondari, riwaya ya zamani ya Kifaransa kuhusu watu wanaosafiri ndani ya vaisseau. Majuma hayo mwalimu alikuwa akiwafundisha mzunguko wa damu, na ubaoni vaisseau ilikuwa mshipa. Basi akasoma akijua kwamba watu wale wako ndani ya mshipa wa jitu, wanaelekea moyoni. Ngurumo ya mashine aliichukua kuwa mapigo. Virginie alikidai kitabu chake kabla hajakimaliza, naye akajitungia mwisho: damu hurudi moyoni, basi na wao walirudi. Hadithi hiyo ndiyo aliyowalazia watoto wake, mmoja baada ya mwingine.

Juzijuzi Virginie alimtumia kitabu chenyewe kutoka Walikale. Akakisoma tena jioni, chungu kikichemka. Vaisseau ilikuwa chombo cha angani. Watu wanaondoka duniani, wanazaa humo, wanafia humo, wajukuu ndio watakaofika. Harudi mtu. Hata hivyo kilikuwa kizuri kuliko alivyokikumbuka. Usichanani alimpenda nahodha; safari hii alimfuata yule mama anayepanda mboga ambazo hatazila. Kayitesi alipokwenda Goma kujiandikisha shule ya uuguzi, alimtilia kitabu mfukoni na kumwambia akisome, hatajuta. Habari ya kurudi hakuigusa.

Transit alisema yeye haoni ajabu. Barabara ya Walikale wakati wa mvua ndivyo ilivyo: dereva anaondoka kijana, wajukuu wake ndio wanaoshusha mzigo.

— Na wanauliza, ii Walikale njo nini? akamalizia.

— Damu iko nzito kuliko maji, akasema Cour Suprême. Basi chombo ya damu inashinda ya hewa. Wako mu mushipa. Nimekata.

— Papa Viateur, kitabu kimeandikwa.

— Ata kesi inaandikwaka, Mama Kayitesi. Tunaikata tena.

Akaendelea. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na huko angani ulimwengu hakuna. Basi wale watoto hawakufunzwa, hawakujua kuendesha, chombo kikazunguka kikaangukia Masisi. Vilima hivi vyote ni mabati yake yaliyoota majani. Transit akaongeza kwamba ng'ombe wa kwanza walishuka humo, tayari wamekasirika. Athanasie alicheka kidogo, kwa pua. Jicho lake lilikuwa kwenye kona ya barabara.

Docteur alikuwa bado anakizungusha kikombe.

— Mi sijasoma ile kitabu, alisema. Lakini ng'ombe nimepasua mingi. Mushipa mukubwa ikizibwa, damu haikaake pale inangoja. Inapita mu tumishipa tudogo twa pembeni. Inachelewa, lakini inarudi ku moyo.

Hakuna aliyecheka. Juu ya Karuba njia za ng'ombe hupita mgongoni mwa kilima mpaka Mushaki. Kila mtu pale anazijua.

— Kitabu kikifika nitakupatia, Docteur, Athanasie akasema. Usome. Iko muzuri.

— Kitafika.

Akabandika maharage, akaongeza viazi. Habumugisha, mumewe, akarudi kutoka malishoni na watoto wao wadogo wawili; akaambiwa, akaketi nao benchini. Kahawa ikaisha. Wanabenchi hawakuondoka.

Giza lilikuwa linaingia Kayitesi alipotokea, si barabarani bali juu, nyuma ya duka, viatu mkononi, tope mpaka magotini, kitabu kimefungwa ndani ya plastiki kifuani. Akawasalimia wazee mmoja mmoja. Mama yake akamwekea beseni la maji ya miguu.

— Gari ilisimama sana, nikakimaliza, Kayitesi alisema. Mama, wanarudi ku page gani? Nimetafuta mpaka nyuma.

Cour Suprême alichungulia kikombe kitupu. Transit alikumbuka kufunga duka. Docteur akapokea kitabu kwa mikono miwili na hakukifungua.

— Nawa, Athanasie akasema.

Akapakua. Habumugisha, wadogo wawili, Kayitesi, na wale watatu ambao hakuna aliyewaambia wabaki. Akawahesabu kwa mwiko, akahesabu tena sahani, ikaonekana moja imepungua. Ilikuwa yake mwenyewe. Akajipakulia, akamsukuma Kayitesi asogee kidogo, akaketi.