Arulraj Savarimuthu, Aliyekunja Jani Pamoja Nasi

Wapendwa, mimi ni Jotham Lihanda, kaka mkubwa wa Dorah, mke wa marehemu. Watamil wenzake wamekwisha kusomewa habari zake kwa lugha yao kanisani. Nimeombwa nizisome kwa Kiswahili, tena kwa ufupi. Shemeji mwenyewe, kila niliposimama kuzungumza, alikuwa akinionyesha saa yake.

Marehemu Arulraj alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 mjini Thoothukudi, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Savarimuthu na Mama Rosammal, waliofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Kifungua mimba wao ni Arokiamary, ambaye hata sisi Wakenya tunamwita Akka, kama Watamil wanavyomwita dada mkubwa. Wazazi walipokuwa kwenye chumvi, Akka, akiwa na miaka saba, ndiye aliyembeba mdogo wake kiunoni kutwa nzima. Alikuwa dada, lakini kazi aliyoifanya ni ya mama.

Marehemu alisoma shule ya misheni hadi darasa la kumi, kisha akaingia chuo cha ufundi mwaka 1989 kujifunza kutengeneza majokofu na viyoyozi. Hakuwa na wito wowote wa fani hiyo. Alituambia aliichagua kwa sababu darasa lake ndilo pekee lililokuwa na ubaridi katika mji mzima.

Aliwasili Dubai tarehe 6 Agosti 1994, baada ya mume wa Akka, fundi cherehani wa Karama, kumtafutia kafeel, yaani mdhamini wa kazi. Alilala chumba kimoja huko Satwa na Watamil wengine kumi. Wakongwe wa chumba kile walikuwa wamekuja miaka ya sabini, wakati mji huu bado unachimbwa misingi. Barua waliandika chache. Walirekodi sauti zao kwenye kaseti na kumpa yeyote anayekwenda likizo, na kaseti ya kwanza ya Mama Rosammal ilipofika baada ya miezi miwili, chumba kizima kilinyamaza kusikiliza kuku wake kabla hajasema neno. Ijumaa walipika chungu kimoja, Mkristo, Mhindu na Mwislamu, na Watamil wa Sri Lanka waliokimbia vita. Leo wale wazee wana wajukuu wanaosoma hapa hapa na kuwajibu bibi zao kwa Kiingereza. Jambo hilo lilimkera marehemu, ndiyo maana kila Jumamosi aliwafundisha herufi za Kitamil kwenye ukumbi wa Karama, mpaka alipougua. Riziki yake aliipata kwa kurekebisha viyoyozi vya majengo, na tangu 2011 alitunza vyumba vya baridi katika maghala ya Jebel Ali.

Dorah alikutana naye Jumeirah Lake Towers mwaka 2008. Dada yangu alikuwa askari wa lango, naye Arulraj akaja kurekebisha kiyoyozi na pasi ya kuingia isiyo na sahihi.

“Yalla, sister, watu wa ghorofa ya ishirini wanaiva!” alimwambia.

“Waive tu. Bila sahihi huingii, khalas.”

Alirudishwa mara tatu siku ile. Siku chache baadaye alikuja na sahihi na kopo la murukku, vile vitafunio vyao vya kukaangwa, ingawa siku hiyo hapakuwa na kiyoyozi kibovu.

Walifunga ndoa Ijumaa, tarehe 22 Oktoba 2010, kanisani Oud Metha. Sasa hapa lazima niseme kosa langu. Chakula cha arusi kiliandaliwa juu ya majani ya mgomba. Kwetu Maragoli mtu akishiba husukuma sahani mbele, mwenyeji afurahi. Basi mimi, mkuu wa msafara, nikalikunja jani langu kuelekea mbele, na Wakenya kumi na wawili wakaniiga. Watamil wote wakaacha kula. Kwa Watamil, kwenye sherehe jani hukunjwa kuja kwako, kumwambia mwenyeji utarudi. Kukunja kwenda mbele ni kwa matanga tu, maana yake jambo hili lisirudi tena. Arulraj alinitazama, akaona nimeshikwa na haya bila kujua sababu. Yeye, bwana arusi, akalikunja jani lake kwenda mbele vilevile, akacheka, akaagiza kahawa.

Akka hakucheka. Aliinuka akaondoka, na kwa miaka kumi na mitano hakula tena mezani pa Dorah. Binti yao Rosa Kageha alipozaliwa mwaka 2012, alimletea nguo na kumbeba, lakini hata maji hakunywa. Mimi nimeishi na aibu hiyo, ila Dorah ndiye aliyeumia.

Marehemu alianza kuugua figo Februari 2023, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwenye kliniki moja Oud Metha. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Dorah akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, Dorah Mideva, binti, Rosa, dada yake, Arokiamary, wadogo zake wawili walioko Thoothukudi, shemeji wengi na wanafunzi wengi zaidi.

Hapa ndipo karatasi mliyonayo inapoishia, kwa sababu ilichapishwa Alhamisi. Naongeza la jana.

Jana asubuhi Akka alikuja nyumbani. Dorah alimpokea mlangoni, na swali lililomkaba tangu Jumanne likamtoka: “Akka, ni sisi? Ni lile jani?”

Akka alimkumbatia, wakalia wote wawili. Kisha akasema, Rosa akitutafsiria, “Ni figo, mwanangu. Jani haliui mtu. Mimi ndiye niliyechelewa kuja kula.” Akaomba maji, akanywa glasi nzima mbele yetu.

Alipomaliza akanigeukia. “Jotham, kesho tukitoka makaburini utakaa kando yangu. Utakunja jani lako kama ulivyolikunja siku ile. Mdogo wangu alikufuata. Na mimi nitakufuata.”

Kwa hiyo, wapendwa, tukitoka hapa Jebel Ali, karibuni ukumbini Karama. Mle mshibe. Mkishiba, msiniulize, nitazameni mimi na Akka. Safari hii hatutakosea.

Shemeji, pumzika salama. Hakuna atakayekuomba sahihi.