Cucu Dirisha na Mlango Mkubwa wa Kanisa la Reli

Ungeingia Makongeni uulize Eunice Njoki Muturi, watu wangekuangalia tu. Ungeuliza Dirisha, ungepelekwa hadi mlangoni. Jina hilo lilimshika siku ya harusi yake, Jumamosi tarehe 11 Desemba 1976. Wachungaji wawili walikuwa wanagombania Kanisa la Reli, na kila mmoja alikuwa ametia kufuli yake. Bibi harusi alifika akakuta minyororo, askari na umati wenye hasira. Akazunguka nyuma, akaingilia dirisha la chumba cha mchungaji. Shela ikapita. Yeye akakwama.

"Adhiambo, sukuma!" akamwambia msimamizi wake.

"Nasukuma wapi, dada? Hapa ni makalio tupu!"

Bwana harusi, Josphat Muturi, akavuta kutoka ndani. Kule mbele ya kanisa mawe yakaanza kurushwa. Njoki akaanguka miguuni pa mchungaji, akasimama, akakung'uta gauni: "Endelea, Mchungaji, tumechelewa." Alipigana na hilo jina maisha yake yote. Alipoona grupu ya WhatsApp ya familia inaitwa "Wajukuu wa Dirisha" aliondoka. Sisi wajukuu, tuliomwita nyanya yetu Cucu, tukamrudisha. Akaondoka tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1954 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Makongeni, kifungua mimba wa Mugo na Tabitha. Mugo alikuwa fundi wa mawe, mmoja wa waliojenga lile kanisa: mawe ya kuchonga kutoka Njiru, dirisha la duara juu ya madhabahu, na paa lililobebwa na reli kuukuu zilizopindwa kama mbavu. Njoki hakuwa amemaliza miezi miwili askari wa mkoloni walipozunguka mtaa na kuchukua wanaume, Mugo akiwemo. Wanawake walijifungia kanisani na watoto. Yeye alilazwa ndani ya beseni la jiwe la kubatizia, likiwa kavu, na Tabitha alikuwa akisema ndiye mtoto pekee ambaye hakulia. Mugo alirudi baada ya miaka, na mwaka wa 1961 akazaliwa Githinji. Njoki ndiye aliyembeba mgongoni huyo mdogo wake hadi akajua kutembea.

Alisoma hapo mtaani hadi darasa la saba, 1968. Karo ya sekondari haikupatikana, akajifunza kushona. Kutoka 1973 hadi 1997 alishona yunifomu katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Walipopunguza wafanyakazi, alibeba cherehani yake akaiweka kibandani karibu na kanisa. Alijaliwa watoto wawili, Mugo, aliyepewa jina la babu yake, na Eve, na alimzika mumewe mwaka wa 2015. Mazishi hayo ndiyo yaliyoleta maneno tuliyo nayo leo.

Mwaka wa 2009 kanisa liligawanyika tena. Kesi iliisha kwa kila upande kupewa nusu. Wakapiga ukuta wa mbao kutoka madhabahuni hadi katikati ya mlango mkubwa. Lile dirisha la duara likakatwa mbili: kushoto nusu, kulia nusu. Aliyeshika nyundo ni Githinji, seremala na mzee wa kanisa upande wa kulia. Cucu alikuwa wa kushoto, lakini kanzu za kwaya alishonea pande zote mbili. Jumapili spika zilipigana hadi vumbi likaanguka kutoka kwa paa, na yeye alikuwa akigonga mbao kwa kiatu:

"Githinji, punguza!"

"Anzeni nyinyi kupunguza!"

Kwa miaka mingi, hayo ndiyo mazungumzo pekee ya hao ndugu wawili.

Babu yetu, Guka Muturi, alipokufa, kila upande ulikuwa na nusu ya mlango. Wabebaji hawangeweza kupita wakiwa wawili wawili. Jeneza liliinamishwa upande, kama sofa inayohamishwa, likagonga fremu, na Guka mwenyewe akasikika akibingirika ndani. Cucu hakulia siku hiyo. Alisema tu, "Mimi hamtanipitisha hivyo."

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2021. Januari mwaka huu alilazwa hospitalini, na Githinji akaja kumwona.

"Nitaingia na mlango mkubwa," Cucu akamwambia. "Katikati. Na ukuta uliupiga wewe."

"Niliambiwa na kanisa, dada."

"Kanisa halishiki nyundo."

Githinji akamenya chungwa lote, akaliacha kwa sahani, akaondoka. Cucu alituaga Jumatatu, tarehe 13 Februari 2023, asubuhi, Eve akiwa amemshika mkono.

Upande wa kushoto ukasema apitie kwao, ni mtu wao. Wa kulia ukasema kama ni hivyo, apitie mlango wa kando. Jumatano Githinji alifika kanisani na nyundo yake. Mzee Mumo, mwenyekiti wa upande wa kulia, alikuwa amemtangulia na vijana wake.

"Githinji, ukitoa ubao mmoja, wewe si wetu."

"Nimesikia."

"Na si wa kule pia. Hawatakutaka."

"Nimesikia, Mumo. Songa kidogo, misumari hii inaruka."

Hakuna aliyesonga. Akaanza hivyo hivyo kutoka mlangoni, mbao zikianguka miguuni pao, hadi akafika viti vya nyuma. Hapo vijana wakashika ukuta kwa mikono, na mzee wa miaka zaidi ya sitini hawezi kung'oa ubao wenye mikono ya watu. Wakakubaliana hapo, kwa shingo upande: palipofunguka pabaki wazi hadi mazishi yaishe. Jumapili, Mumo amesema, mbao zinarudi.

Kwa hivyo Jumamosi hii Cucu ataingia na mlango mkubwa, katikati, akiwa amenyooka. Hataweza kufika madhabahuni. Atalazwa hapo nyuma, na pande zote mbili zimekubali kugeuza viti vyao kumwangalia. Baada ya ibada tutaelekea Kangema kwa maziko.

Ameacha watoto wake Mugo na Eve. Wajukuu Tiffany, Josphat na Tabitha. Rafiki yake Adhiambo. Na mdogo wake Githinji, ambaye tangu Jumatano hana kanisa. Mungu amlaze Cucu mahali pema, pasipo na kushoto wala kulia.

Kama una stori ya Cucu, tafadhali tupe. Maikrofoni itakuwa wazi Kangema, na mwenye haya atume ujumbe wa sauti kwa Eve. Tunaomba hasa watu wa upande wa kulia, wale aliowashonea kanzu: miaka hii yote tumekuwa tukiwasikia tu kupitia mbao. Jumamosi mtaketi mkituangalia. Tuambieni mlimjua vipi.